Nilisema Sikumbuki

Alhamisi, 6 Juni

Kosa ambalo watu wengi hufanya wanapotubu ni kutubu kwa jumla. Mtu hupiga magoti, husema, "Bwana, mimi ni mwenye dhambi," kisha husimama, hujipangusa vumbi na kwenda kunywa chai. Hajataja kitu. Ni kama mgonjwa anayemwambia daktari, "Ninaumwa," halafu anachukua kofia yake na kuondoka. Nimewaeleza jambo hili vijana wa kipaimara hapa Nyakasimbi tangu nilipostaafu ualimu, na siku zote nilidhani nawaeleza habari za watu wengine.

Jana nilisema uongo mbele ya kitongoji kizima. Nitauandika kwa utaratibu, maana kichwani mwangu haukai mahali pamoja.

Marehemu mdogo wangu Telesfori alikuwa na kibanja kikubwa cha migomba na kahawa kinachopakana na changu. Sehemu ya chini, kuelekea bondeni, alimpa Mbonimpa, ambaye wazazi wake walitoka ng'ambo ya Mto Kagera. Yeye na Telesfori walifyeka pori lile pamoja mpaka likawa shamba, na Telesfori alisema hawezi kumwacha mtu wa namna hiyo aishi kama kibarua. Kwetu mpaka huwekwa kwa omuramura, ule mmea wa majani marefu usiouawa na jua, na hupandwa mbele ya shahidi. Shahidi nilikuwa mimi. Nilishika miche, wao wakachimba, usawa wa mtoma, ule mti mkubwa wa kivuli ulio juu ya bonde.

Telesfori amekufa. Mbonimpa naye amekufa, akazikwa katika sehemu yake, kati ya migomba yake, kama desturi ilivyo. Mwaka jana ulipochimbwa mtaro wa bomba la maji, mimea yote ya mpaka iling'olewa. Sasa Xaveri, mtoto wa Telesfori, anasema mpaka ulikuwa chini zaidi, kwenye njia ya ng'ombe. Ukiwekwa hapo, Kayitesi, mjane wa Mbonimpa, atapoteza mibuni yake yote mizuri, na kaburi la mumewe litakuwa shambani kwa mtu mwingine.

Kwenye mkutano Kayitesi hakubishana. Alisema tu, "Mwalimu Dastan alikuwepo. Mwalimu aseme, nami nitakubali."

Wote wakanigeukia. Xaveri alikuwa amekaa mbele yangu, kofia mapajani. Ndiye anayenipeleka zahanati kwa pikipiki yake. Ndiye aliyeezeka upya jiko letu. Nikasema, "Sikumbuki vizuri. Ni miaka mingi."

Watu walicheka kwa upole. Mzee mmoja akasema, "Uzee hauna adabu." Mwenyekiti wetu wa kitongoji, Cleophace, akaamua kwamba kwa kukosa shahidi mpaka utafuata maneno ya mwenye ukoo, yaani Xaveri, na utapandwa mvua za kwanza zikishalainisha udongo, maana omuramura haishiki kwenye vumbi.

Ninakumbuka kila kitu. Ninakumbuka hata mche mmoja uliovunjika mkononi mwangu, Mbonimpa akasema, "Usijali Mwalimu, huu nao utaota."

Jumapili, 9 Juni

Meza ya Bwana. Tuliungama pamoja, kwa kinywa kimoja, na sauti yangu ilikuwa juu kuliko zote. Katika sauti za wengi dhambi ya mtu mmoja hujificha vizuri, kama mbuzi wa wizi aliyeingizwa kundini. Nilikula, nilikunywa, nikarudi nyumbani na moyo ukiwa palepale.

Jumanne, 11 Juni

Tumeanza kuchuma upande wa juu. Kahawa imeiva vizuri. Hakuna wingu.

Ijumaa, 14 Juni

Kayitesi amekuja. Nilikuwa nageuza kahawa kwenye turubai. Nilipomwona anaingia uani nilitamani kujifanya nimelala. Alileta akamwani, zile kahawa za kutafuna tunazochemsha na majani ya harufu kisha tukazianika. Ni sisi wenyeji tunaompa mgeni, si mgeni anayetuletea.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu uketi."

"Sijaja kulaumu. Kusahau si dhambi. Mama yangu alipozeeka tulimkumbusha kidogo kidogo, siku nyingine mambo yalirudi. Nimekuja tukumbuke pamoja."

Akakaa, akapanga khanga yake, akaanza kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma.

"Siku ile ulivaa koti la kijivu. Mume wangu alicheka sana. Alisema, Mwalimu amekuja kupanda omuramura kama anayekwenda kusimamia mtihani. Koti lile unalikumbuka?"

"Koti nalikumbuka."

Alipiga makofi. "Unaona! Mama Mackrine, njoo usikie, yanarudi!"

Mke wangu Vero alitoka jikoni akifuta mikono, akafurahi naye. Nilikaa katikati ya furaha ya wanawake wawili nikitafuna kahawa ya mtu niliyemdhulumu. Alipoondoka aliahidi kurudi.

Alhamisi, 20 Juni

Vumbi. Nimezunguka kibanja mara nyingi bila kazi maalumu.

Alhamisi, 27 Juni

Xaveri amekuja kututandazia nyasi kwenye migomba. Anafanya kazi hii kila kiangazi, hajawahi kuombwa. Nilimfuata kutoka mgomba hadi mgomba.

"Baba Mkubwa, nakushukuru," alisema bila kuinua kichwa.

"Kwa lipi?"

"Kwa kutokumbuka." Alicheka, kisha kicheko kikaisha. "Shamba la baba lilikuwa la kutembea mpaka uchoke. Leo nikipiga chafya mlangoni kwangu, jirani ananiambia pole. Nina watoto, Baba Mkubwa. Nitawaweka wapi?"

"Na kaburi?"

"Sitaligusa! Kayitesi atakuja siku yoyote anayotaka. Mimi si mnyama."

Nilimtazama akibeba mzigo mwingine wa nyasi. Nilikuwa nimeanza kumchukia, kwa sababu ni rahisi kubeba dhambi ukiwa na mtu wa kumwekea nusu yake. Lakini yule si mwovu. Ni mtu mwenye shida aliyejaribu mlango, na aliyemfungulia ni mimi. Yeye alikuwa mdogo wakati ule, na huenda kweli hajui mpaka ulipokuwa. Mimi najua.

Ijumaa, 5 Julai

Kayitesi tena. Leo amenikumbusha nyimbo tulizoimba na pombe ya ndizi aliyokunywa Telesfori, "na wewe, Mlutheri wa kweli, ukanywa togwa, ukatutazama kwa huruma." Nilicheka kweli. Kisha akasema, akiwa amesimama tayari kuondoka, "Siku za Ijumaa nafunga kwa ajili yako, Mwalimu. Mungu akurudishie akili yako. Hata kama ardhi itakwenda, akili yako isiende."

Sijala chakula cha mchana. Nilimwambia Vero ni tumbo.

Jumapili, 7 Julai

Mchungaji Anatolia aliniita pembeni kabla ya ibada. Kwa upole sana alisema somo litasomwa na Benadeta, mwalimu wa Shule ya Jumapili. "Upumzike kidogo, Mwalimu. Wazee wamesema tusikuchoshe."

Nimesoma masomo katika kanisa lile tangu lilipokuwa la nyasi. Nilikaa benchi la tatu na kumsikiliza Benadeta akiruka mstari mzima, na sikuwa na haki hata ya kukunja uso.

Hili nalo ni la kueleza. Niliazima ugonjwa ambao sikuwa nao, na sasa watu wananiuguza. Juzi nilipomkumbusha mchumaji mmoja kwamba kikapu chake amekiacha chini ya mtoma, aliniitikia, "Sawa, babu," kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, na hakwenda kutazama. Kikapu kilikuwa palepale.

Jumanne, 16 Julai

Vero amenipeleka Kayanga kwa daktari, kwa nguvu. Tulipanda basi dogo asubuhi, tukasubiri kwenye benchi na watu wenye kikohozi. Daktari ni kijana mwenye miwani. Aliniuliza tarehe, jina la wilaya, akanipa maneno matano niyashike, akaniambia nihesabu kurudi nyuma. Ningeweza kukosea. Ningeweza kabisa, na Vero angelia, na uongo wangu ungepata cheti. Nilitaka kusema kwamba leo ni Jumamosi. Mdomo ulikataa. Nilijibu yote sawasawa.

"Mama," daktari alimwambia Vero, "mzee huyu ana kumbukumbu nzuri kuliko mimi."

Vero alinunua chumvi sokoni, akatafuta basi stendi, akalipa nauli. Tuliposhuka na kuanza kupanda kilima ndipo aliposimama kupumua.

"Baba Mackrine. Kama kichwa ni kizima, basi kinachoumwa ni nini?"

Nilimwambia twende, jua ni kali. Akatangulia.

Jumatano, 17 Julai

Vero ananipa chakula na hakai.

Jumapili, 28 Julai

Baada ya ibada nilimfuata Mchungaji Anatolia ofisini. Nilimfundisha mama huyu hisabati alipokuwa msichana, na alikuwa mgumu kudanganywa tangu wakati huo.

Nilisema, "Mchungaji, nimekosa kwa ulimi."

"Kwa nani?"

"Kwa Mungu."

"Na kwa nani?"

Nikaeleza udhaifu wa mwanadamu. Nikaeleza jinsi ambavyo hata mitume walikana. Nilieleza vizuri, nimefanya kazi hiyo maisha yangu yote. Alisubiri mpaka maneno yakaniishia.

"Mwalimu, ulikuwa unatukataza kuandika jibu bila kuonyesha njia. Leo umenionyesha njia ndefu na hakuna jibu."

Ndipo nikamwambia. Mpaka, mtaro, Xaveri, Kayitesi. Neno lile moja. Nililia, jambo ambalo sikulitarajia.

Hakushtuka. Alisema, "Nitakaa na siri yako, ndiyo kazi yangu. Na Mungu hakungoji huko mbali, yuko hapa. Lakini sitakuondolea safari ya kwenda kwa jirani yako. Mvua ikija, mpaka utapandwa. Utakuwa umeungama kwangu huku yeye anapoteza shamba?"

Nikamwomba muda. Akasema muda si wake wa kutoa.

Jumamosi, 3 Agosti

Mawingu upande wa Rwanda. Yamepita.

Jumatatu, 5 Agosti

Mawingu tena. Nimekuwa mkulima wa kwanza Karagwe anayeomba mvua isinyeshe.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimepata njia, au nilidhani nimeipata. Nisiseme nilidanganya. Niseme nimekumbuka! Kayitesi atapata ardhi, Xaveri hatanichukia sana, kanisa litamsifu Mungu aliyejibu kufunga kwake, nami nitarudishiwa usomaji wangu. Kila mtu atafurahi. Niliichukua njia hiyo kwa miguu miwili mpaka kwa Cleophace, nikamkuta Xaveri yupo pale wakizungumzia bei ya mifuko ya kahawa.

"Mwenyekiti," nilisema, "imenirudia. Mpaka ulikuwa juu, usawa wa mtoma. Nakumbuka kabisa."

Walitazamana. Cleophace alinivutia kiti.

"Mwalimu, kunywa maji kwanza."

"Sina kiu. Nasema nakumbuka."

"Baba Mkubwa," Xaveri alisema taratibu, "Kayitesi anakuja kwako kila wiki. Anakuambia koti, anakuambia nyimbo. Mtu akiambiwa jambo kila wiki ataliona hata ndotoni. Leo unakumbuka mtoma, kesho utakumbuka nini?"

"Hatuwezi kupanda mpaka kwa kumbukumbu iliyokwenda na kurudi," alisema Cleophace. Hakuwa na ubaya. Alisema atanipa mtu wa kunifikisha nyumbani.

Nilisindikizwa njia nzima nikiwa nimeshikwa mkono.

Jumanne, 13 Agosti

Kusema ukweli kwa namna ya uongo hakusaidii. Nimeandika hili ili nilitazame.

Jumamosi, 24 Agosti

Imenyesha tangu alfajiri. Tulikimbiza kahawa ndani, turubai likachanika. Udongo umelowa kina cha jembe. Cleophace ametuma salamu: mpaka utapandwa Jumanne.

Jumanne, 27 Agosti

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Niliamka nikamkuta Vero amevaa tayari, anafunga kilemba. Nilimwambia aketi. Nilimweleza yote. Aliuliza swali moja tu: "Kayitesi anajua?" Nikasema bado. Akasema, "Basi twende, mvua isitukute njiani."

Kwenye mtaro walikuwepo watu kama wanaokuja kwenye maziko: Cleophace, wazee wa ukoo wetu, majirani, Xaveri akiwa na jembe na miche ya omuramura iliyofungwa kwa ganda la mgomba. Kayitesi alisimama karibu na kaburi la mumewe. Alikuwa amelifagia. Aliponiona alitabasamu, akamwambia mwanamke wa jirani, "Mwalimu amekuja mwenyewe, jamani, na mvua hii."

Tabasamu lile karibu linirudishe nyumbani.

"Mwenyekiti, naomba kusema," nilisema.

Xaveri alishusha pumzi. "Baba Mkubwa, tafadhali. Si leo."

"Mwalimu, tulishalimaliza," alisema Cleophace.

"Hamkulimaliza, kwa sababu niliwadanganya. Juni nilisema sikumbuki. Nilikuwa nakumbuka. Sikusahau siku hata moja. Daktari wa Kayanga amenipima, mke wangu huyu hapa, aseme."

"Ni mzima," Vero alisema. "Kichwa ni kizima."

"Na siku ile nilipokuja kwako, Mwenyekiti, nikasema nimekumbuka, nilidanganya mara ya pili, maana hakikuwepo kitu cha kukumbuka. Mpaka ulikuwa juu, usawa wa mtoma. Telesfori alichimba, Mbonimpa alichimba, mimi nilishika miche. Nilinyamaza kwa sababu Xaveri ni mtoto wetu na Kayitesi si wa ukoo wetu. Hiyo ndiyo sababu. Sina nyingine."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mzee mmoja wa ukoo alitema mate pembeni, akasema kwa Kinyambo kwamba mwenye kuzeeka vibaya huwaanika ndugu zake. Cleophace alinisogelea akanitazama usoni.

"Mwalimu, unaelewa unachosema? Watu watakuita mwongo."

"Ndilo jina lake."

Aliendelea kunitazama. Nadhani alikuwa akipima: mtu aliyechanganyikiwa hajitafutii aibu kwa mpangilio namna hii. Kisha akamgeukia Xaveri.

"Una neno?"

Xaveri alikuwa ameshika jembe kwa mikono miwili. Aliliangusha chini, akapita katikati yetu bila kunigusa, akapanda pikipiki yake na kuondoka.

Miche ilipandwa usawa wa mtoma. Walipomaliza nilimwendea Kayitesi. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi yake, labda kwa mkono wake. Mtu akishasema ukweli huhisi kwamba anadaiwa shukrani.

"Nilikuwa nafunga," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ijumaa zote zile. Nachuma kahawa juani na tumbo tupu, nakuombea. Na wewe unakaa pale, unatafuna, unaniambia koti nalikumbuka."

"Nilikutenda hivyo. Nakuomba unisamehe."

"Ondoka hapa, Mwalimu. Ondoka kwenye shamba langu."

Niliondoka.

Jumatano, 28 Agosti

Mvua. Watu wananisalimu haraka.

Jumapili, 1 Septemba

Nilimwambia Mchungaji sitakwenda Mezani leo, sistahili. Nilitarajia anipongeze kwa unyenyekevu.

"Juni ulikwenda ukiwa unastahili?" aliuliza.

Akaweka kitabu chake cha ibada mezani.

"Unangoja Kayitesi akusamehe ndipo Mungu apate ruhusa? Au unadhani aibu ya Jumanne ilikuwa malipo, na bado haijatosha?"

Hapo alinigusa, maana ndivyo nilivyodhani. Nilikuwa nahesabu aibu yangu kama kibarua anayehesabu vikapu, nikingoja jioni nilipwe msamaha. Aliniambia nipige magoti. Alinitaka nitaje tena dhambi yenyewe, na niliitaja, safari hii kwa maneno machache. Akaweka mikono kichwani pangu. "Deni hili lililipwa msalabani, Dastan, si kwenye mtaro. Kwa neno la Kristo nakutangazia: umesamehewa uongo uliosema juu ya shamba la jirani yako."

Hakusema dhambi zako. Alisema uongo ule. Nimesikia tangazo la msamaha maisha yangu yote, na nadhani leo ndiyo mara ya kwanza limenikuta nyumbani.

Nilikwenda Mezani. Kayitesi alikuwa upande wa pili wa madhabahu. Hakunitazama.

Ijumaa, 6 Septemba

Tumepanda maharage. Moyo umetulia asubuhi, mchana ukaanza tena kutembea.

Jumapili, 8 Septemba

Kayitesi alikuja baada ya ibada. Vero alimtolea kiti. Alikataa kwa mkono. Alisimama uani, mwavuli chini ya kwapa.

"Mwalimu, nimekuja na neno moja. Nimekusamehe. Nimelisema kwa Mungu, sasa nalisema kwako, nisije nikarudi nyuma."

Nilitaka kujibu. Akaendelea.

"Lakini bado nina hasira. Ukiniona napita bila kuketi, usiende kusema Kayitesi hajasamehe. Nimesamehe. Hasira itafuata polepole, ina miguu mibovu. Na usinitumie chochote. Sitaki ndizi zako, sitaki unilimie. Ukianza kunilipa nitajua hukunielewa."

"Nimekuelewa, mama. Asante."

"Haya." Aliangalia mawingu, akafungua mwavuli. "Na Xaveri? Umekwenda kwake?"

Nikasema hapana. Nilisema yeye ndiye aliyeondoka, na mdogo ndiye anayemfuata mkubwa.

"Ehe," alisema, na kicheko kidogo kikamponyoka. "Kumbe bado unafundisha."

Ameondoka muda si mrefu, nami naandika haraka. Ni kweli, sijakwenda. Xaveri hajaja tangu siku ile, na nimekuwa nikijiambia kwamba yeye ndiye mkosaji. Lakini ni mimi niliyemfungulia mlango ule, nikamwacha apite mpaka katikati, kisha nikamvua nguo mbele ya watu wote bila hata kumwonya. Hilo nalo lina jina, na sijawahi kumtajia. Naweza kukuta mlango wake umefungwa. Vero ameshaniletea viatu.

Wewe utakayesoma haya, usingoje msimu mwingine. Leo, kabla ya chakula cha jioni, nenda kwa mtu mmoja uliyemkosea, umtajie jambo lenyewe ulilomtendea.